KITI SI MALI YA WENYE BARAZA



Kuna neno ambalo wakubwa hupenda kulisema kila mara mtu wetu anapochaguliwa: "Sasa wewe ni Mheshimiwa, acha makelele ya chama." Neno hilo halikuzaliwa Kenya. Twataka mjue lilivyotumiwa huko Georgia, Marekani, juu ya kijana mmoja mweusi, jina lake Julian Bond.

Bond hakuanzia Barazani. Machi 1960, akiwa mwanafunzi wa miaka 20, alikamatwa na wenzake kwa kuketi katika mkahawa wa ofisi za mji wa Atlanta, mahali ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kula. Mwaka huo huo vijana wakaunda chama chao, SNCC, naye akashika kazi ya habari. Vijana hao si wageni kwetu. Desemba 1963 walikwenda kumwamkia Oginga Odinga alipozuru Atlanta. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani kutaka kahawa, wakanyimwa, wakatiwa ndani. Mgeni kutoka Kenya apewe heshima, mwenyeji anyimwe kikombe cha kahawa!

Mwaka 1965 Bond akagombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la Georgia, akipita mlango kwa mlango. Alidai nini? Mshahara wa chini uwe dola 2 kwa saa, wakati sheria ya nchi nzima ilikuwa dola 1.25. Tena alitaka ifutwe sheria ya 1947 inayomruhusu mtu kula matunda ya mapatano ya chama bila kulipa hata senti moja. Matajiri waliipa jina tamu, "haki ya kufanya kazi". Sisi hapa, kwa sheria ya 2007, asiye mwanachama anayefaidika na mapatano yetu aweza kukatwa ada. Huko Georgia, hapana.

Akachaguliwa. Lakini Januari 1966, kabla hajaapishwa, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Bond akaulizwa kama analikubali. Akajibu, ndiyo. Tarehe 10 Januari wenye Baraza wakapiga kura, 184 kwa 12, asipewe kiti. Ati si mwaminifu kwa nchi!

Tazameni jambo hilo vizuri. Watu 184, waliochaguliwa na mitaa mingine, wakaunyang'anya mtaa wake mjumbe wao. Februari uchaguzi ukaitishwa tena, watu wakamrudisha Bond, akakataliwa tena. Novemba wakamchagua mara ya tatu. Mwisho, tarehe 5 Desemba 1966, majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani wakaamua kwamba Baraza halina ruhusa kumzuia mjumbe kwa ajili ya maneno yake, na kwamba mjumbe hasa ndiye anayestahili uhuru wa kusema juu ya mambo ya serikali. Januari 1967 akaapishwa.

Wako wanaouliza: kisha alileta nini? Maana sheria ile ya 1947 ingali ipo hata leo. Ni kweli. Lakini kura ya mjumbe ni moja, na wanaoulaumu mkono mmoja kwa kutovunja ukuta ni wale wale walioikalia mikono yao.

Lawama yetu iko pengine. Alipokuwa katika Seneti ya jimbo, alikoketi tangu 1975 hadi 1987, Bond alipigania mipaka ya uchaguzi ya Atlanta ichorwe upya ili watu weusi wapate nguvu ya kumpeleka mtu wao Washington. Ikapatikana. Halafu 1986 yeye na John Lewis, mwenzake wa SNCC tangu ujana, wakakigombea kiti hicho kimoja, wakaumizana kwa maneno, hata Lewis akamtaka wapimwe kama wanatumia dawa za kulevya. Lewis akashinda. Urafiki wa jela ukavunjika mbele ya magazeti, na adui zao wakitazama bure bila kiingilio.

Hata hivyo Bond hakurudi nyumbani kulala. Tangu 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, akafariki 2015.

Basi mabwana wanaotaka mjumbe wetu aeleze kwa nini alisimama na wagomaji langoni, waje waulize katika mkutano wa tawi, mbele ya waliompigia kura.