Kuongeza mizunguko ya injini si kuongeza faida

MAGARI ya mizigo yenye gia za otomatiki si kitu kigeni tena kwa wafanyabiashara wadogo wa wilaya ya Rungwe. Fuso Canter na Isuzu Elf zilizokwisha kutumika Japan huingia nchini zikiwa na giaboksi inayojibadili yenyewe. Mfanyabiashara wa Lufingo anayepeleka ndizi na viazi mviringo Mbeya, au katika soko la Mabibo jijini Dar es Salaam, huona unafuu kwa kuwa dereva hashindi akikanyaga klachi kutwa nzima.

Malalamiko huanza gari likishapakia. Likipanda kutoka Tukuyu kuelekea Isongole, giaboksi huenda gia ya nne, ikashindwa, ikarudi ya tatu, kisha ikajaribu tena ya nne. Mwendo hushuka, mafuta huliwa na joto hupanda. Hapo ndipo hujitokeza fundi mwenye kompyuta akiuza huduma mbili kwa bei moja: kusogeza wakati wa gia kubadilika, na kuongeza kikomo cha mizunguko ya injini.

Huduma hizo mbili si kitu kimoja. Ya kwanza inaweza kulipa ikifanywa kwa hesabu. Ya pili, kwa mwenye mtaji mdogo, ni njia ya haraka ya kupoteza gari.

KINACHOREKEBISHWA

Giaboksi ya otomatiki huamua gia kwa kutazama mambo mawili makubwa: mwendo wa gari na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta. Akikanyaga kidogo, gia hupanda mapema ili kubana dizeli. Akikanyaga sana, gia hungoja injini izunguke zaidi ndipo ipande. Katika magari ya zamani uamuzi huo hufanywa na shinikizo la mafuta ya giaboksi pamoja na waya unaotoka kwenye mafuta ya kukanyaga. Katika magari ya siku hizi hufanywa na kontrol boksi.

Gari lililopangwa kwa barabara tambarare za mjini linaweza kweli kupandisha gia mapema mno kwa milima ya Rungwe. Kuchelewesha kidogo kupanda kwa gia, ili ya tatu ishikwe mpaka kilima kiishe, huondoa kule kuhangaika kwa giaboksi na hupunguza joto. Hiyo ni kazi halali.

Hata hivyo, magari mengi yana nafasi ya kushikilia gia kwa mkono kwenye wenzo wenyewe. Dereva anayeweka ya tatu kabla ya kilima hupata matokeo hayo hayo bila tajiri kutoa shilingi. Aidha, katika giaboksi za waya, kuulegeza au kuukaza waya hakubadili wakati wa gia peke yake. Katika nyingi hubadili pia shinikizo la mafuta linalobana sahani za ndani. Waya ukilegezwa ovyo, gia hupanda laini na dereva hufurahi, huku sahani zikiteleza na kuungua.

KIKOMO KISIGUSWE

Kikomo cha mizunguko kiliwekwa na kiwanda kwa sababu ya nguvu zinazovuta pistoni na fimbo zake. Nguvu hizo hazipandi sawa na mizunguko, bali kwa mraba wake. Injini iliyowekewa kikomo cha mizunguko 3,000 kwa dakika ikipelekwa 3,300 imeongezewa asilimia 10 ya mizunguko, lakini nguvu zinazovuta pistoni zimeongezeka kwa asilimia 21. Mwenye gari ananunua mkazo huo kwa fedha yake mwenyewe.

Anachopata ni kidogo. Injini ya dizeli huvuta vizuri katikati ya mizunguko yake. Ikivuka kilele cha nguvu, kuongeza mizunguko huongeza kelele na ulaji wa mafuta kuliko mvuto. Mwinuko nao una sehemu yake. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Uyole hupanda zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kuongeza mafuta pasipo hewa ni kutengeneza moshi mweusi.

Kuna pia sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo wa juu wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Japan yenyewe, tangu mwaka 2003, imelazimisha malori makubwa yawe na kidhibiti cha mwendo kisichozidi kilomita 90 kwa saa. Lori linalofika 80 bila taabu halina biashara yoyote ya kufanya na mizunguko ya ziada kwenye tambarare.

MTEREMKO NDIO MTIHANI

Wafanyabiashara wengi huhesabu kilima cha kupanda na kusahau cha kushuka. Gari la ndizi linalotoka Lufingo kwenda Dar es Salaam hupanda likiwa karibu na nyumbani, lakini huteremka Kitonga likiwa limejaa. Linalokwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu huporomoka takriban mita 1,000 kabla ya kufika bondeni.

Katika mteremko, kikomo cha mizunguko hakilindi injini. Kikomo hukata dizeli tu, lakini anayezungusha injini wakati huo ni mzigo, kupitia magurudumu. Dereva aliyezoeshwa kwamba injini yake "imefunguliwa" akiingiza gia ndogo kwa mwendo mkubwa anaweza kugonganisha valvu na pistoni, na kontrol boksi isiwe na la kufanya.

Kinyume chake pia ni hatari. Giaboksi iliyorekebishwa ipandishe gia mapema kwa ajili ya kubana mafuta huweza kupanda ya nne au ya tano mara dereva anapoinua mguu juu ya mteremko. Gia kubwa haizuii gari. Breki ya injini hupotea, mzigo wote hubaki kwenye breki za magurudumu, breki hupata moto na kushindwa kushika. Mkoa wa Mbeya unaujua msiba huo: Julai 2018, kwenye mteremko wa Iwambi, Mbalizi, lori lililoshindwa breki liligonga magari mengine na watu wengi wakapoteza maisha. Marekebisho yoyote ya gia yasiyopimwa kwenye mteremko, gari likiwa na mzigo, hayajakamilika.

MZIGO KWANZA, KOMPYUTA BAADAYE

Mara nyingi giaboksi inayohangaika haina kosa. Viazi vya Rungwe vimekuwa vikifungwa kwa lumbesa kwa miaka mingi, ingawa kanuni za vipimo zinataka gunia lisizidi kilo 100. Chukulia Canter ya tani 3 iliyopakia magunia 30. Kwa hesabu ya karatasi ni tani 3 kamili. Magunia hayo yakiwa na kilo 130 kila moja, gari limebeba karibu tani 4. Hakuna kompyuta itakayoifanya tani hiyo ya ziada ipande kilima bure. Anayefaidi ni mnunuzi wa lumbesa. Mkulima amepunjwa, na mwenye gari amebeba asicholipwa.

Jambo la pili ni matairi. Tajiri akifunga matairi makubwa kuliko ya kiwanda, kila gia huwa nzito zaidi, na giaboksi huonekana dhaifu hata ikiwa nzima. Kurudisha saizi ya matairi ni rahisi kuliko kuchezea kontrol boksi.

La tatu ni mafuta ya giaboksi. Yakiwa meusi au yakinuka kuungua, yamekwisha kazi. Kusogeza wakati wa gia katika giaboksi yenye mafuta mabovu ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

HESABU YA SAFARI

Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 900, yaani 1,800 kwenda na kurudi. Gari likila lita 1 kwa kila kilomita 5, safari nzima ni lita 360. Fundi akifanikiwa kweli kuokoa asilimia 3, ni lita 11 hivi. Zizidishwe kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huo kwa wilaya ya Rungwe, ambayo huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji, kisha zilinganishwe na ada ya fundi. Upande wa pili wa daftari iandikwe gharama ya giaboksi moja, pamoja na siku gari litakazolala juu ya mawe huku ndizi zikiiva njiani. Giaboksi moja iliyoungua hufuta akiba ya safari nyingi sana.

Wanaonunua gari kwa ubia wana sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Gari lililofunguliwa kikomo ni mtaji uliopunguzwa thamani bila wabia wote kujua, na mnunuzi mwerevu siku ya kuliuza atauliza kuhusu kontrol boksi kabla ya kuuliza rangi.

Mwenye gari anayeona bado kuna haja ya marekebisho ya gia aandike kwanza lita, uzito na saa za safari tatu. Fundi ahifadhi mpangilio wa kiwanda kabla ya kugusa chochote, aambatane na gari lenye mzigo kilimani na mteremkoni, na alipwe nusu ya pili baada ya safari tatu nyingine kuandikwa. Fundi anayekataa masharti hayo hajiamini na kazi yake. Anayeanza kwa kuzungumzia kuongeza mizunguko ashukuriwe, na gari lirudishwe kupakia.