Chupa ya 2011 si kongwe kuliko ya 2020

Barua ya juma hili imetoka kwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi. Baba yake anastaafu mwezi ujao baada ya kushika chaki miaka mingi, nao watoto wamechanga pesa ili wamnunulie zawadi. Mzee si mlevi, lakini akipata kitu chake Jumamosi jioni hupenda wiski moja tu, Laphroaig, ile ambayo wengine husema inanuka kama zahanati. Vijana wamepata duka lenye chupa mbili za aina iliyo kali zaidi. Moja imeandikwa 2011 na nyingine 2020. Ile ya 2011 inauzwa karibu mara nne ya bei ya mwenzake, na muuzaji amewaambia ati ni kwa sababu imekaa miaka mingi ikakomaa. "Je, tuuze mbuzi wa nyanya tuongezee?" auliza kijana, na kwa vile ninavyoijua barua ya mtu aliyekonda mfuko, sidhani anatania.

Mbuzi na abaki zizini. Lakini swali lenyewe ni zuri, na nimepokea mengine yanayofanana nalo tangu wenzetu waanze kuletewa chupa na jamaa walio ng'ambo. Wasomaji wasiotumia kileo, kwa sababu ya dini au ya afya, wasifunge ukurasa. Humu mna hesabu kidogo ambayo mtu anaweza kumsaidia nayo mjomba wake.

Laphroaig, hutamkwa "Lafroig", hutoka katika kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti. Kiwanda kilianzishwa mwaka wa 1815 na ndugu wawili, Donald na Alexander Johnston, kwenye ufuo wa kusini ambako mawimbi hukaribia kugonga ukuta wa ghala. Shayiri hulowekwa hadi ichipuke, kisha hukaushwa juu ya moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa kama matofali na kuanikwa ukauka. Huo moshi ndio asili ya ile harufu ya zahanati. Baadaye shayiri huchachushwa, jambo ambalo mpika busaa hahitaji kufundishwa, na pombe hiyo hukenekwa mara mbili katika vyungu vikubwa vya shaba. Kinachotoka ni cheupe kama maji.

Rangi na utamu huja baadaye, ndani ya pipa la mwaloni. Laphroaig hutumia zaidi mapipa yaliyokwisha kubeba wiski ya Marekani, kwa kuwa sheria ya huko huwataka Wamarekani kutumia mapipa mapya ya mwaloni uliochomwa ndani kwa wiski yao ya bourbon, na ya zamani hubaki yakitafuta mnunuzi. Aghalabu wiski ya Uskoti huingia katika pipa ikiwa na kileo cha asilimia 63.5 hivi. Hulala humo, ikivuja mvuke kidogo kidogo kupitia kwenye mbao, na nguvu yake hushuka polepole. Sheria ya Uskoti yataka isipungue miaka 3. Hii ya mzee wetu hulala 10.

Sasa, chupa ya kawaida ya miaka 10 huongezwa maji kabla ya kufungwa hadi ifike asilimia 40, au 43 katika baadhi ya nchi. Aina ile kali, ambayo lebo yake husema ni ya nguvu ya pipa, haishushwi hivyo. Hutiwa katika chupa takriban kama ilivyotoka katika mapipa. Na maadamu mapipa hayafanani, nguvu yake haiwi ile ile kila mara. Tangu 2009 kiwanda kimekuwa kikiitoa kwa mafungu yenye namba, na kwa miaka mingi lilitoka fungu moja kila mwanzo wa mwaka. Fungu la 3, la Januari 2011, lilikuwa na asilimia 55.3. La 7, la Januari 2015, lilikuwa na 56.3. La 9, la Februari 2017, 58.1, la 10, la Januari 2018, 58.0, na la 12, la Februari 2020, likaruka hadi 60.1.

Hapo ndipo muuzaji alipompotosha kijana wetu. Mwaka huo ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa kufungwa chupani. Si mwaka wa kuzaliwa. Wiski ya 2011 ilikenekwa mnamo 2001 au kabla ya hapo, na ya 2020 mnamo 2010 au kabla ya hapo. Zote mbili zimelala miaka 10 katika pipa, na wiski ikishatoka katika pipa kuingia kwenye kioo haikomai tena. Unaweza kuifungia kabatini miaka 40, ukaitoa ukiwa na wajukuu, ikawa ni ya miaka 10 vile vile. Chupa ya 2011 si kongwe kuliko ya 2020. Imekaa dukani muda mrefu zaidi, basi.

Mbona basi bei ikawa mara nne? Kwa sababu zilizobaki ni chache na kuna watu duniani wanaozikusanya kama stempu. Hiyo ni sababu halali ya bei kupanda, nami sina ugomvi na anayekusanya. Ugomvi wangu ni na yule anayeuza uhaba akauita ukomavu.

Je, mafungu hayo yana tofauti ya kweli mdomoni, au ni namba tu za kufanya watu wanunue kila mwaka? Nilikuwa na hamu ya kujua, na binamu yangu anayeishi Glasgow alipokuja likizo akaniletea vichupa vitatu vya kuonjea, vya 2017, 2018 na 2020. Tukakaa wanne sebuleni: mume wangu, shemeji yangu, jirani yetu aliyestaafu benki, na mimi. Mara ya kwanza tulionja tukijua kipi ni kipi. Shemeji akatangaza kwa sauti ya mhubiri kwamba ya 2020 ndiyo mfalme, na jirani akamuunga mkono. Ina kifua, wakasema. Na kweli ilikuwa na kifua. Iliwasha kuanzia midomo hadi masikioni.

Lakini mtu akilinganisha kitu cha asilimia 60.1 na kingine cha 58, ulimi husikia moto kwanza na kuuita ubora. Kwa hiyo nikachukua sirinji ya plastiki isiyo na sindano, ile ya kumpa mtoto dawa, nikazifanya zote ziwe asilimia 50. Hesabu ni nyepesi. Mililita 20 za ya 2020 zina kileo halisi cha mililita 12. Ukiongeza maji mililita 4, unafika. Kwa ya 2017 na ya 2018 mililita 3 na nukta kidogo zatosha. Ile ya 2011 ingehitaji 2 tu. Ni hesabu ya darasa la nane, na binti yangu ndiye aliyeihakiki bila hata kunusa.

Nikabandika plasta chini ya kila bilauri, nikaandika alama, na mume wangu akazichanganya nikiwa jikoni. Wataalamu wa Uskoti wanaochanganya wiski hufanya kazi yao kubwa kwa pua, tena wakiwa wameizimua hadi asilimia 20 hivi, kwa hiyo na sisi tulinusa sana na kulamba kidogo, na kikombe cha kutemea kilikuwa mezani. Anayetaka kumeza kila kitu hafanyi jaribio, anafanya sherehe.

Mfalme akavuliwa taji. Wakati huu shemeji aliichagua ya 2018, na jirani akaichagua ya 2017. Mimi niliona ya 2017 kuwa tamu zaidi, ina vanila na ndizi iliyoiva hadi ikawa na madoa, moshi ukija nyuma kwa adabu. Ya 2018 ilikuwa kavu: chumvi, ng'onda aliyeanikwa Lamu, aidini ya kidonda. Ya 2020 ilinikumbusha kibuyu cha mursik kilichofukizwa vizuri, na ndani yake asali, ambayo kabla ya maji sikuisikia hata chembe.

Jambo hili la maji lina maelezo. Mwaka wa 2017 wanasayansi wawili wa Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichunguza kwa kompyuta tabia ya gwayakoli, mojawapo ya kemikali zinazotoa harufu ya moshi katika wiski. Waliona kwamba kileo kikizidi asilimia 59 kemikali hiyo huzingirwa na kileo na kujificha ndani, lakini wiski ikizimuliwa hadi 45 au chini yake hupanda juu, karibu na pua ya mnywaji. Kwa hiyo yule anayekataa maji ati ni kuiharibu wiski, hususan ile ya 60.1, amelipia harufu ambayo hataki itoke.

Kisha nikawatega. Nikamimina bilauri tatu, mbili za fungu moja na moja ya lingine, nikamwambia kila mmoja anionyeshe ile ya kando. Katika ya 2017 na ya 2018 nguvu ni karibu sawa kabisa, kwa hiyo aliyepata alikuwa anasikia mapipa, si moto. Mtu anayebahatisha hupata mara 1 kati ya 3. Kupata mara 4 mfululizo kwa bahati ni nafasi 1 kati ya 81. Katika jioni mbili mume wangu alipata zote 4, jirani 3, shemeji 1. Shemeji anasema alikuwa na mafua.

Kwa hiyo tofauti ipo. Ni ya mapipa yaliyochaguliwa mwaka ule, nayo ni ndogo kuliko midomo ya watu inavyoivumisha. Hakuna fungu nililoonja ambalo ningelilipia mara nne ya jingine. Fauka ya hayo, hakuna mpangilio wa kwamba ya zamani ni bora au mpya ni bora. Mwaka huu mapipa yametoa ndizi, mwaka ujao yatatoa chumvi.

Nirudi kwa kijana. Nunueni ya 2020, kama muuzaji hajaipandisha bei nayo baada ya kusoma haya. Tazameni stempu ya ushuru ya KRA, kifuniko kisicho na dalili ya kufunguliwa, na kinywaji kiwe kimefika shingoni. Chupa za bei ghali ndizo hughushiwa zaidi, hiyo nayo ni sababu ya kuiogopa ile ya 2011. Pesa inayobaki inatosha chupa ya kawaida ya asilimia 40, ambayo mzee atailinganisha na ile kali, na pengine mtungi mdogo wa maji na bilauri zenye mdomo mwembamba.

Kuna jambo jingine ambalo hamkuniuliza, nanyi mmelitaja kwa mstari mmoja tu: baba anameza vidonge vya presha. Mzee amezoea toti mbili. Toti ya mililita 25 ya wiski ya kawaida ina kileo halisi cha mililita 10. Toti hiyo hiyo ya fungu la 2020 ina mililita 15. Akinywa mbili zake kama kawaida, mwili wake umepokea tatu, na hakuna aliyemwambia. Chupa nzima ya mililita 700 ni sawa na chupa moja na nusu ya ile aliyoizoea. Kwanza amuulize daktari wake kama kileo chochote kinamfaa pamoja na vidonge hivyo, na muulize hilo kabla ya kununua, si baada ya keki kukatwa. Daktari akikubali kwa kiasi, mwonyesheni mzee namna ya kuizimua: kwa toti moja ya ile kali, maji nusu toti, na hapo itakuwa kama asilimia 40. Kisha hiyo toti na nusu ndiyo ihesabiwe toti moja na nusu, isiitwe moja.

Chupa isimamishwe wima, kwa kuwa kileo kikali hula kizibo kikilazwa, na iwekwe kabatini mbali na dirisha na mbali zaidi na jiko, maana kinywaji cha asilimia 60 hushika moto upesi. Ikifunguliwa na kubaki chini ya nusu, hewa huanza kuipunguzia harufu, kwa hiyo asiiwekee akiba ya harusi ya kitinda mimba. Na ninyi watoto mlio chini ya miaka 18, kazi yenu katika sherehe hiyo ni sirinji na hesabu.

Juma lijalo namjibu mama wa Donholm anayeuliza kwa nini maziwa lala yake hutoka na kamba kama gundi.