Kakao ya Kyela nayo iingie jikoni

Muuza mchele wa sokoni Dar es Salaam hana haja ya maneno mengi. Akishasema "huu wa Kyela", mteja anachota kidogo, anausugua kiganjani, ananusa, kisha wanaanza kuvutana bei. Wilaya hiyohiyo ya Kyela, kwenye ardhi inayoteremka hadi Ziwa Nyasa, ndiyo inayoongoza kwa kakao nchini. Lakini hakuna anayeingia dukani akauliza kama kakao hii ni ya Kyela au ya Kilombero. Tofauti haiko kwenye ubora wala kwenye matangazo. Mchele una sufuria nyumbani. Kakao ina magunia, ghala, mnada na meli. Zao lisilopikwa na wanaolilima hubaki kuwa fedha tu, na fedha ikipungua hakuna wa kulitetea. Ndiyo maana nasema Tanzania isisubiri kiwanda kikubwa ndipo ianze kula chokoleti yake. Ianze na jiko la mkaa na kitu kidogo kisichohitaji hata oveni: vile vibonge laini vya chokoleti ambavyo Wafaransa waliviita truffe, kwa kuwa vilifanana na uyoga wa bei mbaya unaochimbwa ardhini huko kwao.

Wengi hukatishwa tamaa na hiyo oveni. Chokoleti imewekwa fungu moja na keki, na keki ni ya mwenye umeme na nafasi. Ukweli ni kwamba kakao haikuanza kama kitu cha kuokwa, wala cha kutafunwa. Kwa karne nyingi Wamaya na Waazteki waliisaga juu ya jiwe wakainywa. Mholanzi van Houten alisajili mashine ya kukamua mafuta ya kakao mwaka 1828, na kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ikatoa chokoleti ngumu ya kutafuna mwaka 1847. Hiyo tunayoiona ndiyo chokoleti halisi haijatimiza miaka 200; kabla yake palikuwa na jiwe, moto na mkono. Sasa tazama vitamu vya pwani yetu. Halua hukorogwa kwenye karai mpaka mikono ife ganzi. Kashata humiminwa kwenye sinia ingali moto, ikakatwa kabla haijawa ngumu. Kaimati hukaangwa zikapitishwa kwenye shira. Hakuna oveni hata moja hapo. Mpishi aliyelelewa na kazi hizo hawezi kuwa mgeni wa chokoleti.

Chukua kazi yenyewe. Gramu 200 za chokoleti nyeusi hukatwakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi na kuwekwa kwenye bakuli kavu. Kavu kweli, maana tone moja au mawili ya maji yakiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, inageuka tope lenye chembechembe: sukari na unga wa kakao hunywa yale maji vikashikana. Ajabu yake, maji yakiwa mengi ya kutosha tatizo linatoweka, na hapo ndipo krimu hufanya kazi. Pasipo na krimu pana nazi. Tui la kwanza, mililita 100, hupashwa moto huku likikorogwa mpaka lianze kutokota pembezoni, kisha humiminwa juu ya chokoleti. Subiri dakika mbili bila kugusa. Halafu koroga polepole kuanzia katikati. Mwanzoni itaonekana imeharibika, michirizi myeupe kwa myeusi. Endelea, na ghafla inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mafuta yakijitenga, kijiko kimoja cha tui la moto na kukoroga tena huirudisha. Yeyote anayepika samaki wa nazi bila tui kukatika ameshaijua kazi hii. Iliki kidogo iliyotwangwa, chembe ya chumvi, kisha friji saa mbili. Unachota kwa kijiko cha chai, unaviringisha haraka kwa viganja vilivyopozwa kwa maji baridi na kukaushwa, unagaragaza kwenye unga wa kakao, nazi iliyokaangwa au karanga zilizosagwa. Vinatoka kama 20. Visiwe duara kamili; vikilingana sana watu watadhani vimenunuliwa.

Hapo nitaambiwa kwamba chokoleti nyeusi ya supamaketi ni ya wenye nazo. Pingamizi hilo ni la haki, ila lielekezwe panapostahili. Desemba 2024, kakao ilipofikia kilele katika soko la New York, tani moja ilipita dola 12,000, yaani dola 12 kwa kilo. Hata kwa bei hiyo ya kichaa, gramu 70 za kakao zilizomo kwenye kipande cha gramu 100 cha asilimia 70 zilikuwa na thamani ya senti 84 za dola. Ongeza kilichopotea kwenye maganda, inafika kama dola moja, na baadaye bei hiyo ikashuka sana. Kinachobaki kwenye bei ya dukani ni kusaga, kufunga, kusafirisha, ushuru na faida za watu wengi njiani. Ghali si kakao bali safari yake. Wabrazili, wanaolima kakao katika majimbo kama Bahia, wana njia yao ya kuipunguza. Kitamu kisichokosekana kwenye sherehe za watoto wao ni brigadeiro: maziwa mazito matamu ya kopo, unga wa kakao na siagi, vinakorogwa kwenye sufuria mpaka mchanganyiko uachane na chini, unapozwa, unaviringishwa. Jina lilitokana na Brigedia Eduardo Gomes, aliyegombea urais mwaka 1945 akashindwa. Mgombea ameachwa kwenye vitabu vya historia. Kibonge bado kinagombaniwa mezani. Ipo pia njia isiyohitaji hata moto: gramu 200 za biskuti zilizopondwa, nusu kopo la maziwa hayo, vijiko vitatu vya unga wa kakao. Ila uwe unga wa kakao mtupu, si ule wa kinywaji uliokwisha kutiwa sukari. Makopo yanafanana na wengi hukosea.

Pingamizi zito zaidi ni hili: unga wa kakao unaojaa madukani ni wa makopo yaliyotoka nje, basi mkulima wa Kyela anapata nini kwa biskuti zinazopondwa Tabata, Dar es Salaam? Leo, hapati kitu. Sitalipamba jibu. Lakini tazama kahawa ya Ethiopia. Takriban nusu ya kahawa ya nchi ile hunywewa na wenyewe, na haikuanza kwa kampeni ya serikali. Ilianza kwa mwanamke anayekaanga buni kwenye kikaango sebuleni, moshi ukiwapita wageni puani. Mnunuzi wa ng'ambo akisuasua, mkulima wa kule ana mnunuzi wa pili, na mnunuzi huyo anajua kutofautisha kahawa ya Harar na ya Sidamo. Ladha ilitangulia, soko likafuata. Ghana ilianza kwa upande wa pili: ina kiwanda chake cha chokoleti Tema tangu miaka ya 1960, ikatenga hata Februari 14 kuwa siku ya chokoleti kitaifa, na bado mbegu nyingi za kakao yake huondoka nchini kabla hazijawa kitu cha kula. Kiwanda peke yake hakifundishi ulimi. Na kutoka kwenye vibonge vya kopo hadi kwenye mbegu yenyewe si mbali kama inavyodhaniwa. Kakao iliyokwisha kuvundikwa siku tano au zaidi na kuanikwa juani hukaangwa kama karanga mpaka maganda yaanze kupasuka, hufikichwa, kisha hupepetwa kwa ungo. Kiini hutwangwa kwenye kinu chenye joto, au hupelekwa kwenye mashine ya karanga ya sokoni, mpaka mafuta yake yaachie na iwe uji mweusi. Tia sukari, saga tena. Haitakuwa nyororo kama ya Uswisi. Itakuwa na chengachenga. Ndani ya kibonge chenye karanga na nazi, chenga hizo nani atazilalamikia?

Joto ni suala jingine, na hapa wakosoaji wana haki kuliko ninavyopenda. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, na kibonge chenye tui hulegea mapema zaidi. Adhuhuri ya Februari Dar es Salaam si rafiki yake. Vya tui au krimu vinataka friji na viliwe ndani ya siku chache. Vya maziwa mazito hustahimili zaidi kwa sababu sukari nyingi hufunga maji ambayo bakteria wangeyatumia. Mbeya, Njombe na Arusha hawana sababu ya kulia. Kuhusu sukari yenyewe, nchi inayohangaika na kisukari haihitaji kitamu kipya cha kula kila siku, na sikipendekezi hivyo. Gramu 15 za chokoleti nyeusi baada ya chakula si chupa ya soda. Aliyepika mwenyewe, tena, ameiona sukari ikimiminwa kwa macho yake.

Kinachokosekana ni pakiti ndogo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaokusanya kakao ghalani na kuiuza kwa mnada, ulijengwa kwa ajili ya magunia, na ulikuwa na sababu: kumwokoa mkulima na walanguzi waliokuwa wakimpangia bei shambani. Mnunuzi wa nusu kilo hana mlango wa kupitia. Vyama vya ushirika vya Kyela, Rungwe na Kilombero vingeweza kutenga sehemu ndogo ya mavuno, ikapangwa daraja, ikafungwa kwa jina la wilaya na kupelekwa kwenye maduka yaleyale yanayouza mchele. Wanawake wa vikoba wanaotaka kuuza vibonge wataingia TBS, shirika la viwango la taifa ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, kama wauza siagi ya karanga wanavyofanya. Hakuna sheria mpya ya kutunga. Nusu kilo ya kakao kavu, ikishakaangwa na kumenywa, hubakiza takriban gramu 400. Tia gramu 200 za sukari, mililita 300 za tui la nazi moja au mbili, iliki kwa mkono. Hapo pana vibonge 60, sinia nzima ya kitchen party.