Je, Niseme Naenda Bustanini na Hali Siendi?



Mpenzi msomaji, nilikuwa nimekusudia wiki hii tuendelee na mada yetu ya malezi, lakini limezuka swali ambalo nimeona lisingoje. Kwa sura yake ni swali la mtihani wa Kiingereza. Kwa undani wake ni swali la ulimi wa Muislamu, na ndiyo maana nimelileta katika ukurasa huu wa familia.

Kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, darasa la madrasa lililo nyuma ya msikiti wetu hukaliwa na vijana wapatao kumi, wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili, wanaofanya mazoezi ya kuzungumza Kiingereza. Wengi wao wanajiandaa na mtihani wa IELTS, ama kwa ajili ya masomo ya nje ama kwa ajili ya kazi. Mmoja wao ni binti wa mtaani kwetu ambaye ni muuguzi. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linamtaka muuguzi kutoka nje apate alama 7 katika kuzungumza, kusikiliza na kusoma, na 6.5 katika kuandika. Binti huyu alivuka kote, isipokuwa katika kuzungumza, ambako alipata 6.5. Nusu alama ikamrudisha nyumbani. Ada ya mtihani ni laki kadhaa za shilingi, na matokeo yake huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu. Kwa hiyo anaposimama mbele ya wenzake kufanya mazoezi, hafanyi mchezo.

Jumamosi iliyopita mada ilikuwa bustani. Je, wapenda kwenda bustanini? Huenda mara ngapi? Hufanya nini ukiwa huko? Ulipokuwa mtoto, kulikuwa na bustani karibu na kwenu? Binti akafungua daftari, akalitazama, akalifunga, akaanza kwa sauti nzuri: kila Jumapili asubuhi huenda katika bustani iliyo karibu na nyumbani, huketi juu ya nyasi, husoma riwaya, kisha huwalisha bata ziwani. Alipofika kwenye bata akanyamaza. Wenzake wakadhani amesahau. Akanigeukia akasema: "Ustadh, naomba kuuliza. Mimi Jumapili huwa zamu ya usiku, na bustani hiyo haipo. Je, inafaa kwa Muislamu kusema haya?"

Naungama kwamba nilichelewa kumjibu kwa sababu bata wale nawafahamu. Karatasi hizi za majibu yaliyotayarishwa hurithiwa kama kanzu. Miaka kadhaa nyuma, nilipomaliza chuo na kutaka kuomba ufadhili wa masomo, nilipewa karatasi iliyofanana sana na hiyo. Kiarabu nilikuwa nacho, Kiingereza kilikuwa cha kuokoteza, nami nikaona njia fupi ni kuhifadhi. Kuhifadhi ndiyo kazi niliyoizoea tangu utotoni. Nikaingia chumbani, nikaulizwa kuhusu bustani, nikamshukuru Mola wangu kimoyomoyo na kuanza kumwaga. Mtahini akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja ambalo halikuwemo katika karatasi: ni ziwa gani hilo? Nikatafuta ziwa kichwani, nikajibu: Victoria. Kutoka Dar es Salaam hadi Victoria ni zaidi ya kilomita 1,000, nami nilikuwa nimekwisha kumwambia kuwa huenda kwa miguu baada ya chai. Hakucheka. Aliandika kitu, akabadilisha mada, na tangu hapo sikuweza kuunganisha sentensi mbili. Ufadhili haukupatikana.

Turejee kwenye swali. Mimi si mufti, na nasema niliyojifunza kwa walimu wangu. Kuna tofauti baina ya mfano wa kufundishia na habari ya kweli inayotolewa na mtu juu ya nafsi yake. Waliosoma nahau wanamjua Zaydi anayempiga Amri katika kila somo, karne baada ya karne, na hakuna aliyewahi kumshitaki mwalimu wa nahau kwa kumsingizia Zaydi. Msemaji na msikilizaji wote wanajua kuwa ni mfano. Kwa hiyo darasani, tunapofanya zoezi la kujua maneno, mwenye kutaka bata na awafuge. Lakini ndani ya chumba cha mtihani mtu anaulizwa "wewe", na anayeuliza anapokea jibu kuwa ni habari yako.

Kijana mmoja akapinga, na hoja yake haikuwa dhaifu. Alisema: mtihani huu haupimi ukweli, unapima lugha, hakuna haki ya mtu inayodhulumiwa, mtahini hatakuja mtaani kuhesabu bata. Nikamkumbusha kisa alichokipokea Abu Daud, cha mama aliyemwita mwanawe mdogo akimwambia aje ampe kitu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akasema tende. Akamweleza kwamba lau asingempa chochote, ingeandikwa juu yake kuwa ni uongo. Hapo napo hapakuwa na haki ya mtu iliyopotea, ila tende moja na mtoto mmoja. Kijana akatikisa kichwa. Sina hakika kama alikinai.

Nikaongeza jambo ambalo huwa nalisisitiza: kusema kweli si kusema kila kitu. Hulazimiki kumweleza mgeni maradhi ya mzazi wako au ugomvi wa nyumbani. Chagua katika ukweli wako kile kinachofaa kusemwa, kingine kifunike. Na jibu la "siendi bustanini" ni jibu kamili, halipunguzi alama hata chembe, maadamu limefuatwa na sababu.

Mtihani wenyewe, kwa jinsi ulivyopangwa, unamwelemea mwenye kuhifadhi. Huchukua dakika 11 hadi 14, na maneno yote hurekodiwa. Kwanza ni maswali mepesi ya maisha ya kila siku. Kisha mtahiniwa hupewa kadi yenye mada na dakika moja ya kujiandaa, azungumze peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Mwisho ni mjadala wa mambo mapana zaidi, kama vile kwa nini miji ina haja ya bustani na nani agharimie. Kinachopimwa ni mambo manne: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Watahini wamefundishwa kuyatambua majibu ya kuhifadhi, na wakiyatambua huhamisha swali. Aliyeishi jambo ataulizwa lolote juu yake na atapata la kusema. Aliyelikariri anao ukuta nyuma yake.

Kabla ya ukweli kusaidia, hata hivyo, ni lazima swali lieleweke. Katika lugha yetu bustani ni bustani, iwe ya mchicha, ya maua au ya kupumzikia watu. Waingereza wametenganisha: ya nyumbani ina jina lake, na ya umma ni "park". Nasi Watanzania tukilisikia neno hilo, akili inakimbilia Serengeti, Mikumi na Ruaha. Kijana wetu mmoja alipoulizwa hupenda kufanya nini awapo huko, alijibu kuwa hukaa ndani ya gari na hafungui dirisha kwa hofu ya simba. Mwingine akaanza kueleza shida ya kupaki gari Kariakoo. Wote wawili walisema kweli tupu, ila hawakuulizwa hayo.

Lipo pia kosa la "hu-" yetu. Tunaposema "huenda kila Ijumaa", vijana wengi hutumia umbo la Kiingereza la jambo linaloendelea sasa hivi, kama kwamba mtu yumo njiani wakati anajibu. Umbo la mazoea la Kiingereza ni jepesi kuliko hilo, tena ni fupi. Na kwa kuwa "yeye" wetu ni mmoja kwa mume na mke, mama hugeuzwa mwanamume katikati ya sentensi. Makosa haya hayaponywi kwa karatasi, huponywa kwa kusema, kusahihishwa, na kusema tena.

Basi tukaweka madaftari chini, kila mmoja akaanza kutafuta bustani yake ya kweli. Mwenzetu kutoka Unguja hakupata tabu. Anayo Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Haroub, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Alihangaika kuufafanua urojo kwa mtu asiyeujua: mchuzi mwepesi, wa manjano, mchachu, wenye viazi na bajia ndani yake. Katika kuhangaika huko akatoa maneno mengi kuliko aliyoyatoa mwezi mzima. Mwingine akachagua Coco Beach siku ya Idi pili, na namna mama yake anavyotandika kanga mchangani na kuhesabu watoto kila baada ya dakika tano. Mwingine akazungumzia Mnazi Mmoja, nami nikamsaidia kwa ajili ya ule mjadala wa mwisho. Wakoloni walipoupanga mji huu kwa rangi za watu, eneo lile liliachwa wazi liwe mpaka baina ya mitaa ya biashara iliyokaliwa zaidi na Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Mwenye kujua hilo ana la kumwambia mtahini kuhusu bustani na miji, na halimo katika karatasi ya mtu.

Ikafika zamu ya muuguzi. Alisimama kitambo, kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole, nami nayaandika kwa lugha yetu: "Siendi bustanini, kwa sababu mtaani kwetu haipo, na kwa sababu kazi yangu ni ya zamu. Nilipokuwa mtoto palikuwa na uwanja pembeni ya msikiti, na mwembe mmoja. Tulicheza rede na kombolela tukingoja darasa lianze. Mama zetu waliketi chini ya mwembe. Kisha pakajengwa maduka."

Kijana aliyekuwa akijifanya mtahini akauliza, kama alivyofundishwa, swali la kufuatia: ni nani aliyejenga maduka? Binti akatazama sakafu. Akasema: "Kamati."

Sarufi yake haikuwa na kasoro, na kwa mara ya kwanza hakusita hata mara moja. Mimi ndiye niliyesita. Muhtasari wa kikao kile niliuandika kwa mkono wangu, mwaka wa kwanza wa ukatibu wangu. Nakumbuka tulijadili kodi ya fremu, milango ya chuma na fundi. Uwanja ulitajwa kwa maneno mawili: "eneo lililopo". Mwembe haukutajwa. Kodi ya fremu zile ndiyo inayowalipa walimu wawili wa madrasa na bili ya maji ya kutawadhia, kwa hiyo siwezi kusema tulikosea kujenga. Ila hakuna hata mmoja wetu, wazee na vijana, aliyeuliza watoto wangechezea wapi na mama zao wangeketi wapi, na jawabu nimekuja kulisikia baada ya miaka yote hii, kwa Kiingereza, kutoka kwa mmoja wa watoto wenyewe.

Nilimwambia ajibu hivyohivyo mbele ya mtahini. Akaniuliza kama si kuuaibisha msikiti mbele ya mtu asiyekuwa wa dini yetu. Nikamwambia neno "kamati" analoweza kulifunika, akitaka. Aseme tu kwamba maduka yalijengwa kwa kuwa msikiti ulihitaji mapato. Hiyo nayo ni kweli. Akaijaribu mara tatu, kila mara kwa maneno tofauti kidogo, na kila mara mwembe ulikuwemo.

Kikao cha kamati kitakuwa baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Ajenda namba 4 nimeiandika: eneo la nyuma ya sehemu ya kutawadhia, ambako sasa tumerundika matofali na tenki lililopasuka. Ni hatua kumi na nne kwa tisa, nimezipima mwenyewe baada ya Alfajiri. Mweka hazina wetu, Allah amhifadhi, ameshaniuliza kama nimepatwa na wazimu, maana pale yeye anaona fremu mbili zaidi.

Mazoezi yanaendelea Jumamosi baada ya Alasiri, na mada ijayo ni vyakula. Wazazi wenye vijana wanaojiandaa na mtihani wawalete, hakuna ada. Muuguzi wetu anaingia mtihanini Alhamisi. Tumkumbuke katika dua.

Wabillahi tawfiq.