Mwalimu Mkuu Haundwi kwa Barua

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi nchini Tanzania hutoka darasani. Hakuna mlango mwingine. Huanza na chaki na vipindi, akashika zamu, akawa mwalimu wa nidhamu au wa taaluma, kisha siku moja barua ya halmashauri ikamfikia: kuanzia tarehe fulani, yeye ndiye mkuu wa shule iliyo kata ya tatu kutoka hapo. Aghalabu sifa iliyompandisha ni moja, kwamba darasa lake la saba lilifaulu hisabati. Ni sifa njema na hapana wa kuibeza, ila hesabu za ubaoni na hesabu za stoo ni ndugu wa mama mbalimbali. Akiondolewa darasani bila kuandaliwa, shule moja imepoteza mwalimu hodari na nyingine imepata msimamizi mbabaishaji, na kote huko wanaoumia ni watoto.

Kazi anayoikuta si ile aliyoizoea. Tangu Januari 2016, elimu msingi ilipoanza kutolewa bila ada, fedha za serikali huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikienda shuleni. Shule ya watoto 800 basi hupata shilingi 4,800,000, tena zimeshakatwa mafungu: ukarabati, vifaa, mitihani, michezo, utawala. Kuhamisha fungu bila idhini ni kosa, hata kama paa linavuja. Kwa mzigo huo mwalimu mkuu huongezewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Posho ni haki yake, lakini haijawahi kumfundisha mtu kuandika hati ya malipo.

Kisha kuna ujenzi. Mwaka 2021 Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Vingi vilijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri fundi. Mwalimu aliyesomea fasihi akajikuta alfajiri anahesabu mifuko ya saruji, anapima nondo kwa macho, huku fundi akidai malipo ya awali na dereva wa lori la mchanga akipiga honi. Miezi ikapita, mkaguzi wa ndani akaja. Hakuuliza kama darasa ni zuri. Aliuliza stakabadhi, muhtasari wa kamati, hati ya kupokelea mali na leja. Darasa limesimama, watoto wamo ndani wanasoma, na mwalimu mkuu anaandikiwa hoja ya ukaguzi kama mwizi, ilhali hakuiba hata msumari. Hakujua tu kwamba mfuko wa saruji huandikwa unapoingia na unapotoka. Aibu hiyo si yake peke yake. Aliyemtwika mzigo bila kumpa kata anastahili fungu lake.

La watu ni gumu kuliko la fedha. Jana alikuwa mwenzao, wakinywa chai pamoja chini ya mwembe na kuwasengenya wakubwa. Leo ndiye anayesaini kitabu cha mahudhurio. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wapo wanaojikaza wakawa wakali kupita kiasi ili waogopwe, na wapo wanaoogopa kuitwa wenye majivuno, wakamwachia rafiki anayechelewa kila Jumatatu hadi shule nzima ikajifunza kuchelewa. Jinsi ya kumwonya mtu mzima faraghani, kumsikiliza kabla ya kumwandikia barua, na kumsifu mbele ya wenzake kwa jambo la kweli, yote hufundishika. Hakuna aliyezaliwa nayo.

Chuo kipo. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo, ulifanywa wakala wa serikali mwaka 2001, na hutoa astashahada na stashahada za uongozi na utawala wa elimu. Kasoro ni kwamba wengi hufika huko wakiwa wameshakalia kiti, na wamekwisha kuzoea kukikalia vibaya. Samaki mkunje angali mbichi.

Hata hivyo chuo, kiwe kizuri namna gani, hakiishindi ofisi yenyewe, na hapa ndipo penye donda. Mwalimu mkuu msaidizi hukaa hatua tatu kutoka kwenye kabati la mafaili, na anaweza kukaa hapo miaka asilione likifunguliwa. Funguo zi mfukoni mwa mkubwa. Bajeti huandikwa nyumbani usiku, nywila ya mfumo wa fedha inajulikana na mtu mmoja, na mkubwa akienda msibani shule hukosa hata chaki kwa kuwa stoo imesafiri naye. Akiulizwa, husema kazi ni nyingi, hana muda wa kufundisha. Ukweli ni woga: msaidizi akijua, atanipiku. Tabia gani hii kwa mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kufundisha? Msikitini na kanisani pote watu wamesikia kwamba elimu ni amana na mwenye kuificha ataulizwa. Haihitaji kuthibitishwa tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Anayeficha leja huhamishwa siku moja, na hoja za ukaguzi humfuata hadi kituo kipya, kwa kuwa hakuacha nyuma mtu wa kuzijibu.

Na walimu wakongwe wa nchi hii si watu wa kufanya hivyo. Ndio waliowafundisha mawaziri na majaji kushika kalamu, wakigawana kitabu kimoja watoto watano. Wakitaka, kumwandaa msaidizi kwao ni jambo jepesi. Apewe fungu la mitihani kwa muhula mmoja, aandike hati zote mwenyewe, mkuu akikagua. Aongoze kikao cha walimu na mkuu akae pembeni, anyamaze. Aisome taarifa ya mapato na matumizi mbele ya kamati ya shule, aulizwe na wazazi, ajikwae kwa shilingi elfu kumi kabla hajajikwaa kwa milioni 20.

Halafu kuna huu ukaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Lakini makaimu wapo waliozeeka na neno hilo, si shuleni tu, hata katika idara za halmashauri. Kaimu hapangi la mwaka kesho kwa kuwa hajui kama atakuwepo, na walio chini yake wanamtii nusunusu wakisubiri mwenye kiti. Kukaimu kwa muda mfupi ni mafunzo mazuri. Kukaimu kusikokwisha ni kumtumikisha mtu kazi ya mkubwa kwa heshima ya mdogo, na wenye kalamu ya kumthibitisha wanalijua hilo.

Siku ya kupokea ofisi yenyewe haifai kumalizwa kwa soda, keki na picha. Makabidhiano ya maandishi huonyesha salio la benki, madeni ya mafundi na wazabuni, idadi ya madawati mazima na mabovu, hati ya kiwanja, na hoja ambazo hazijajibiwa. Mgeni asiyehesabu siku hiyo ameyapokea madeni ya mtangulizi wake kuwa yake. Katika muhula wa kwanza afisa elimu kata anapaswa kumtembelea akiwa na nia ya kuelekeza, maana wakaguzi watakuja wenyewe.

Watabaki wachache ambao, baada ya kuandaliwa vyema, kazi hiyo itawakataa. Hao hawastahili kuvuliwa madaraka mkutanoni mbele ya wazazi na wanafunzi wao, kama ilivyozoeleka. Ualimu mkuu ni madaraka, si cheo cha utumishi: mtu anaweza kurudi darasani kwa barua ya kawaida, akapangiwa vipindi vyake vya hisabati, akaendelea na mshahara wa daraja lake la ualimu. Kinachokoma ni ile posho ya 200,000 tu.