"Bila Kikomo" Yenye Kikomo, Tusidanganyane



Tumechoka kuambiwa kwamba ukiwa na kifurushi cha bila kikomo kwenye simu, intaneti ya nyumbani ni anasa. Sisi mafundi cherehani wa Nanganga, hapa njia panda ya Ruangwa, tuliamini. Msimu wa korosho, pesa zikiwa mikononi mwa watu na harusi zikifuatana, tukalinunulia duka kifurushi hicho cha mwezi. Wiki ya kwanza, mashaallah! Bibi harusi akitutumia video ya gauni la nikahi, inafunguka papo hapo. Wiki ya tatu picha moja inazunguka mpaka pasi inapoa. Kupiga huduma kwa wateja, tunaambiwa tumevuka kiwango cha "matumizi ya haki", spidi imepunguzwa. Kiwango kiliandikwa, ndiyo, kwenye masharti. Kwenye tangazo hakikuwepo.

Sasa sisi tukikuuzia kitambaa mita tano, tukakupa tatu, halafu mbili zilizobaki tukakukatia sentimita moja kila siku, utatuitaje? Na Suratul Mutaffifin tunaisoma sote.

Lakini linalotuuma zaidi ni hili: simu ina mwenyewe. Nyumba nyingi kifurushi kikubwa kiko kwenye simu ya baba, wengine tunaomba hotspoti. Baba akienda shamba, intaneti imekwenda naye mfukoni. Mtoto aliyekuwa anasomeshwa Qur'ani na ustadhi wake wa mbali anakatika katikati ya aya. Mama anayeuza mitandio Instagram anangoja mume arudi ndipo amjibu mteja, na mteja keshanunua kwingine. Waifai ya nyumbani inabaki nyumbani, na sisi ndio tunaobaki nayo. (Waifai jamani, si wifi. Wifi haulizi paswedi, anaingia tu.)

Mtasema, nyie Nanganga faiba mtaitoa wapi? Kweli, nyaya hazijafika mlangoni kwetu. Na ruta ya laini si dawa, maana inavuta mnara uleule wa simu. Jioni watu wote wakiingia mtandaoni mnagawana kilichopo. Wala waya si muujiza. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania nzima mtandao ulizorota, mwenye faiba na mwenye simu. Hayo hayahalalishi kumwambia mwanamke wa mjini, ambaye waya unapita barabarani kwake, kwamba simu ya mume inamtosha.

Bibi harusi unayepangiwa nyumba, ukiorodhesha kitanda na kabati, orodhesha na intaneti. Ukiuziwa "bila kikomo", uliza: spidi inapunguzwa baada ya GB ngapi? Inabaki ngapi? Hotspoti inaruhusiwa? Na kama shangazi zako wa Muscat wanataka kuiona nikahi mubashara, usitegemee simu ya kaka ukumbini. Wageni mia mbili watakuwa wanarusha picha kupitia mnara huohuo.

Sisi tumerudi kwenye vifurushi vya GB za kuhesabu. Video za magauni tunazipakua baada ya swala ya alfajiri, mnara ukiwa bado hauna watu.