Majani ya bandia kwenye viwanja vyetu: maji yatakwenda kwa nani?

Kiwanja cha mpira cha majani ya bandia kimekuwa ndoto ya vijana wengi wa miji yetu ya mashariki. Wamekiona kwenye televisheni, wamekiona Kinshasa katika Stade des Martyrs na Lubumbashi kwa TP Mazembe kule Kamalondo. Sasa watu wa miradi wanafika mpaka kwenye kata za pembeni, na mara nyingi wanaanzia mlango wa kanisa. Sababu ni rahisi: katika kata nyingi, eneo kubwa la mwisho lililobaki bila nyumba ni uwanja wa masomo ya Kiprotestanti. Wazee wa kanisa wanaombwa watie sahihi.

Sisi hatupingi kiwanja. Tunajua kijana anayecheza mpira jioni yuko wapi, na asiyecheza hatujui. Lakini tulisoma makaratasi ya mradi mmoja wa namna hiyo, katika mji ambao hatutautaja. Tulikuta mstari wa majani, mstari wa taa, mstari wa ukuta, hata mstari wa sherehe ya ufunguzi. Juu ya maji hapakuwa na mstari hata mmoja. Tulipouliza, tuliambiwa: majani haya yana matundu, maji yanapita yenyewe.

Ni kweli yana matundu. Na yakishapita?

Tufanye hesabu kidogo. Kiwanja kamili cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu si ajabu mwezi wa Aprili, inaangusha juu yake lita 357,000. Hizo ni bidoni za lita 20 karibu 18,000, kwenye kiwanja kimoja. Maji hayo yasipowekewa njia, yatajitafutia, na yakiteremka hayaulizi nyumba ni ya nani. Mara nyingi chini ya kiwanja ndipo wanapokaa wale waliopata kipande cha bei ndogo: mama mjane, familia iliyokimbia vita, mwalimu asiyelipwa vizuri.

Tusidanganyane, kiwanja cha udongo uliokanyagwa miaka mingi nacho hakinywi maji mengi. Lakini kina mabonde yake na vidimbwi vyake, na maji yanakaa pale yakingoja. Tukikisawazisha na kukiwekea mabomba yanayotoa maji haraka, tumeondoa kile kingojeo. Mchezo utaendelea nusu saa baada ya mvua, na jirani wa chini atapokea kwa mara moja kile alichokuwa akipokea kidogo kidogo.

Kazi yenyewe ikifanywa vizuri, majani ndiyo sehemu ndogo. Udongo unachimbwa na kushindiliwa kwa mteremko mdogo. Juu yake kinatandikwa kitambaa kigumu kinachozuia matope yasipande. Kisha linakuja tabaka la kokoto safi, na ndani yake mabomba yenye matundu yanayokusanya maji mpaka pembeni. Mwisho ndiyo majani. Kokoto zina nafasi katikati yake, karibu theluthi moja. Kwa hiyo tabaka la sentimita 30 linaweza kushika mvua ya milimita 100, mara mbili ya ile tuliyohesabu. Bomba la kutokea likiwa dogo, maji yatatoka polepole kwa saa nyingi, na kiwanja kinakuwa tangi lililofichwa chini ya miguu ya watoto. Kiwanja kilekile, basi, kinaweza kumfurikisha jirani au kumkinga. Tofauti iko kwenye unene wa kokoto na upana wa bomba, vitu ambavyo siku ya ufunguzi hakuna anayevipiga picha.

Lakini jambo hili halifanyi kazi sawasawa kila mahali, na hapa watu wa miradi hukosea, maana wanakuja na mchoro mmoja kwa miji yote.

Uvira, sehemu za chini karibu na Tanganyika, maji ya ardhini yako karibu. Ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, ndiyo maana likipanda linachelewa kushuka. Tuliona mwaka 2020 na tena 2024, Uvira, Kalemie na ng'ambo Bujumbura. Ukichimba tabaka la kokoto mahali kama hapo, litakuwa limejaa kabla mvua haijaanza, na bomba litarudisha maji ndani badala ya kuyatoa. Halafu kuna matope ya milimani. Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika, makumi ya watu walikufa na makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Mto haukuleta maji matupu, ulileta mawe na udongo. Majani ya kawaida yakifunikwa na matope, tunafanya salongo na majembe, na baada ya miezi yanaota. Ya plastiki yakizibwa, yamekwisha. Kwa hiyo kwa kata za chini za Uvira tungesema hapana, hata kama mradi unalipa yote.

Bukavu ni kinyume. Kwenye miteremko ya Kadutu, ambako ardhi ya Funu inatembea na kila mtu anajua, kuyaacha maji yazame ardhini juu ya mlima ni hatari kuliko kuyaacha yatiririke. Pale chini ya kokoto panahitaji karatasi nzito isiyopitisha maji, na mfereji wa mawe na saruji mpaka bondeni, si mpaka kwenye avenyu ya jirani. Goma wana bahati yao: mji umekaa juu ya mawe ya volkano yenye nyufa, mito hakuna, maji yanazama. Na kokoto wanaponda wenyewe, kwa hiyo sehemu ya fedha inaweza kubaki kwa watu wa kata.

Yapo pia yale madogo meusi yanayomwagwa katikati ya majani, yaliyosagwa kutoka magurudumu ya magari. Mafuriko yanayabeba mpaka mtoni na ziwani. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuyapiga marufuku, na umewapa wauzaji mpaka 2031. Tusishangae basi yakianza kutolewa kwetu kwa bei ya urafiki. Mchanga peke yake unawezekana, ingawa mchezaji akianguka atausikia.

Tena kiwanja cha kanisa si cha mpira tu. Pale tunafanya makongamano, mazishi, mashindano ya kwaya. Pale mama wanawasha makala na kupika. Na usiku wa msiba, wakimbizi wa mafuriko wanalala pale; baada ya Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, nani hakuona jinsi uwanja mtupu unavyohitajika? Juu ya plastiki huwezi kuchimbia mti wa hema wala kuweka mbabula.

Kwa hiyo kabla ya sahihi, tunawaomba wazee na mashemasi wapande na mwenye mradi mpaka kiwanjani siku ya mvua, si siku ya jua. Wasimame pamoja naye mahali maji yanapotokea, wafuate mpaka nyumba ya mwisho, na shefu wa kata awepo. Njia hiyo iandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la atakayesafisha mabomba kila mwaka. Na iandikwe nani atabeba majani yale yakichakaa, maana baada ya miaka kumi hivi yatakuwa tani nyingi za plastiki, na mwenye mradi atakuwa amekwisha kurudi kwao.